Niliambiwa asilimia 2.5, mbona pesa inayoingia haifiki hapo?

Swali: Assalaam aleykum. Nina duka dogo la vikoi, kanga na viungo Mji Mkongwe, na tokea Disemba iliyopita ninatumia mashine ya kadi niliyopewa na benki. Afisa aliyeniletea aliniambia kwa mdomo kwamba makato ni asilimia 2.5. Mwezi wa Julai risiti zangu za kadi zimefika shilingi 8,000,000, lakini zilizoingia kwenye akaunti ni 7,629,000. Kwa asilimia 2.5 nilitarajia kukatwa 200,000, si 371,000. Nilipouliza benki nikajibiwa kwamba hayo ni makato ya kawaida. Je, ninaibiwa? Na niendelee na mashine hii au niirejeshe? Mkataba na taarifa za Mei na Julai nimeviambatanisha.

Jibu: Waaleykum salaam dada yangu. Nimezisoma karatasi zako kwa kituo, pamoja na kile kiambatanisho cha nyuma chenye maandishi madogo ambacho watu wengi hawakifungui, na jibu langu fupi ni kwamba kila shilingi katika hizo 371,000 ina mahali pake katika mkataba uliotia saini. Kwa maana hiyo hukuibiwa. Lakini ukweli ni kwamba hukuambiwa bei. Mtu anapokuuzia huduma na kukutajia sehemu moja tu ya gharama yake, ilhali anajua kwamba sehemu nyingine zimo kwenye karatasi ambayo hutaisoma, amekunyima haki ya kupima kama huduma hiyo inakufaa, na mimi naliona jambo hilo kuwa ni kosa hata pale ambapo sheria ya mikataba inamlinda.

Tuzichukue fedha zenyewe. Kati ya mauzo yako ya shilingi 8,000,000, kadi zilizotolewa na benki za hapa nchini zilikuwa 2,000,000 tu, na hizo ndizo zilizokatwa asilimia 2.5 uliyoahidiwa, yaani shilingi 50,000. Zilizobaki, 6,000,000, zilikuwa kadi za wageni, na kiambatanisho chako kinasema wazi kwamba kadi iliyotolewa nje ya nchi hukatwa asilimia 3.5, kwa hivyo hapo ziliondoka 210,000. Halafu kuna kodi ya mashine, 40,000 kwa mwezi. Kuna ada ya shilingi 300 kwa kila muamala, nawe ulikuwa na miamala 120, hivyo 36,000. Kuna 5,000 ya taarifa ya mwezi. Na kuna 30,000 iliyoandikwa kuwa ni ada ya pingamizi, ambayo nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayoweza kukuumiza zaidi siku za mbele. Ukizijumlisha zote unapata 371,000 kamili, na ukizigawa kwa 8,000,000 unapata kiwango chako halisi cha mwezi ule, ambacho ni karibu asilimia 4.64. Hiyo ndiyo namba ya kuiandika kwenye daftari lako kila mwezi, na ndiyo namba pekee inayofaa kulinganishwa na ile ya benki nyingine, maana kila benki inaweza kukutajia asilimia ndogo ikiwa imeruhusiwa kuweka kilichobaki mahali pengine.

Sasa utauliza kwa nini kadi ya mgeni iwe ghali kuliko ya mwenyeji wakati mashine ni ile ile na mkono unaochanja ni wako. Kadi inapogusa mashine yako, fedha hazitoki moja kwa moja kwa mteja kuja kwako. Benki yako hupeleka ombi kwa mtandao wa kadi, tuseme Visa au Mastercard, nao mtandao huipelekea benki iliyotoa ile kadi, ambayo huangalia kama fedha zipo na kama kadi haikuripotiwa kuibiwa, kisha hujibu. Yote hayo huchukua sekunde chache, lakini katika njia hiyo kila mmoja huchukua chake. Fungu ambalo aghalabu ni kubwa huenda kwa benki iliyotoa kadi, nalo ni ada ya baina ya benki, ambayo viwango vyake hupangwa na mitandao ya kadi yenyewe. Fungu la pili ni la mtandao. Fungu la tatu ni faida ya benki yako. Kadi inapovuka mpaka, mafungu mawili ya mwanzo hupanda, na kadi za kampuni pamoja na zile za daraja la juu zinazompa mwenyewe zawadi za safari huwa ghali zaidi, kwa sababu zile zawadi kwa sehemu hulipiwa na ada anayokatwa mwenye duka.

Kuna jambo hapa ambalo wafanyabiashara wetu wa utalii wanastahili kulijua. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2015 iliyoweka ukomo wa ada hiyo ya baina ya benki: asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida zinazokata akaunti moja kwa moja, na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi. Lakini ukomo huo hufanya kazi pale tu ambapo benki iliyotoa kadi na benki ya mwenye duka zote ziko katika eneo hilo la Ulaya. Kwa hivyo Mtaliano anayenunua shati Milano analeta gharama ndogo sana kwa muuzaji wa kule, na siku ya pili yake, akiwa na kadi ile ile mfukoni, ananunua kikoi kwako naye analeta gharama isiyokuwa na ukomo huo. Hakuna alichokosea yeye, wala wewe. Nalieleza hili ili ujue kwamba katika ile asilimia 3.5 kuna sehemu ambayo meneja wa tawi lako hana uwezo wa kuipunguza hata akitaka, na ipo sehemu ambayo anao. Ukienda kuzungumza naye bila ya kuzitenganisha, atakujibu kwamba viwango vinatoka nje, nawe utaondoka ukiamini kwamba jibu hilo limemaliza mambo yote.

Yaliyo mkononi mwake ni haya: faida ya benki iliyomo ndani ya asilimia, kodi ya mashine, ile 300 ya kila muamala, na ada ya taarifa. Hizo zote ni bei za benki yako mwenyewe, na bei ya muuzaji huzungumzwa, kama tunavyozungumza bei sokoni Darajani.

Ile 300 inaonekana ndogo, na ndiyo maana haisemwi. Iangalie kwa vitu viwili vilivyopo dukani kwako. Mgeni akinunua kikoi cha shilingi 40,000 kwa kadi ya nje, asilimia 3.5 ni 1,400, ukiongeza 300 unapata 1,700, ambayo ni asilimia 4.25 ya bei. Akinunua pakiti moja ya mdalasini ya 5,000, asilimia 3.5 ni shilingi 175 tu, lakini ukiongeza 300 unapata 475, ambayo ni asilimia 9.5. Kwenye pakiti ya mdalasini, baada ya kulipa mkulima, mfuko, karatasi ya jina na mtu wa kufunga, sidhani kama faida yako inazidi hiyo kwa mbali. Hapa ushauri wangu ni kuwafungia wageni viungo kwa seti, mdalasini pamoja na hiliki, karafuu, kungumanga na pilipili manga ndani ya kikapu kimoja cha ukindu, ili malipo yawe moja na makubwa, na kwa anayetaka pakiti moja umwombe kwa upole alipe taslimu. Na kwenye mazungumzo na benki, ada hii ya kila muamala ndiyo ningeishikilia kwanza kuliko ile asilimia, kwa sababu biashara yako ni ya vitu vidogo vidogo.

Kodi ya mashine nayo ina sura mbili. Katika Julai, wakati mji umejaa, 40,000 ndani ya mauzo ya milioni nane ni nusu ya asilimia moja, na huisikii. Lakini masika yakiingia, mwezi wa Aprili na Mei, wageni wanapopungua na hoteli kadhaa za ukanda wa pwani zinapofunga milango, kodi ile ile hukatwa. Taarifa yako ya Mei inaonesha kwamba uliuza kwa kadi 500,000 tu, kwa hivyo kodi ya mashine peke yake ilikuwa asilimia 8 ya mauzo kabla ya makato mengine yoyote. Uliza kama benki inakubali kuisimamisha kodi katika miezi miwili ya masika, au kuiondoa kabisa mauzo yanapofika kiwango fulani. Na uangalie kama mkataba unaweka kima cha chini cha makato kwa mwezi, maana mikataba mingine husema kwamba mauzo yakiwa madogo mno, benki itakata tofauti hadi ifike kima hicho. Wako nimeutazama na hauna kifungu hicho, lakini wa jirani yako huenda unacho.

Kuhusu mashine zenyewe nina jambo la kukusimulia. Miaka kadhaa iliyopita niliandika hesabu za nyumba ya wageni huko Paje iliyokuwa na mashine mbili, moja mapokezi na moja baa. Ile ya baa iliharibika kwa hewa ya chumvi, na kijana wa mapokezi akaikabidhi kwa afisa wa benki aliyekuja kuichukua, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, bila ya karatasi wala saini. Benki ikaendelea kukata kodi ya mashine mbili kwa miezi kumi na minne, na tulipodai turejeshewe tukaambiwa tulete ushahidi wa siku iliyorudishwa. Hatukuwa nao. Mwenye nyumba alirejeshewa miezi mitatu tu, na mimi najilaumu kwa sababu taarifa zilikuwa zinakuja kila mwezi na mstari ule ulikuwa umeandikwa mbili, mbili, mbili, nami nilikuwa nasoma jumla ya chini peke yake. Siku utakapoirejesha mashine yako, iandikie hati, iandike namba yake ya nyuma, na mpokeaji atie saini na muhuri.

Nije kwenye ile 30,000 ya pingamizi. Mteja anayelipa kwa kadi anayo haki ya kwenda kwa benki yake na kusema kwamba malipo fulani hayatambui, au kwamba bidhaa haikumfikia, au kwamba alikatwa mara mbili. Kwa kawaida mitandao mikubwa humpa hadi siku 120 za kufanya hivyo, na kwa hivyo mauzo ya Julai yanaweza kukurudia Novemba, wakati kikoi kimeshavaliwa Berlin na umeshamsahau aliyekinunua. Katika shauri lako mteja alilalamika, ukapeleka risiti, na uamuzi ukawa upande wako, fedha za mauzo hazikuguswa. Hata hivyo ada ya kushughulikia ilikatwa, kwa sababu mkataba wako unasema hukatwa kila pingamizi linapofunguliwa, ushinde usishinde. Hili ni moja katika mambo ambayo ningeomba lirekebishwe: anayeshinda asilipe, au alipe kidogo.

Lakini kinga kubwa iko kwako. Kadi yenye chipu ichomekwe au iguswe kwenye mashine, na namba ya siri iandikwe na mteja mwenyewe inapotakiwa. Usikubali kuipitisha kwa ule utepe mweusi wa sumaku kwa sababu tu chipu imechelewa kusoma, maana katika njia hiyo, ikija kubainika kwamba kadi ilikuwa ya bandia, hasara huelekea kuangukia upande wa duka. Hatari zaidi ni kuandika namba za kadi kwa mkono. Najua baadhi ya wauzaji na wenye nyumba za wageni hupokea picha ya kadi kwa WhatsApp kutoka kwa mteja aliyekwisharudi kwao na anayetaka atumiwe viungo, kisha huzichapa namba zile kwenye mashine. Malipo ya namna hiyo hutozwa kiwango cha juu, kwa kuwa mwenye kadi hayupo, na akilikana deni una ushahidi mdogo sana. Tena kuhifadhi picha ya kadi ya mtu ndani ya simu kunakwenda kinyume na masharti ya usalama wa kadi ambayo mkataba wako unayataja kwa kifungu kimoja tu, na simu hiyo ikiibiwa balaa ni lako. Mtumie kiungo cha malipo kutoka benki, au akutumie fedha kwa njia nyingine.

Yapo makato mengine ambayo hayamo kabisa katika zile 371,000, kwa sababu hayaandikwi kama ada. Umenieleza pembeni kwamba mashine yako mara nyingine humuuliza mgeni kama anataka kulipa kwa yuro au pauni badala ya shilingi, na kwamba msaidizi wako humbonyezea yuro ili kumrahisishia. Mwambie aache. Mgeni akichagua sarafu ya kwao, ubadilishaji hufanywa hapo hapo na kampuni inayoendesha huduma hiyo kwa kiwango chake, ambacho aghalabu ni kibaya kuliko cha benki ya mgeni, na ile tofauti hugawanywa baina ya watoa huduma. Kanuni za Visa na Mastercard zinataka mwenye kadi achague mwenyewe baada ya kuoneshwa kiasi na kiwango. Mgeni anayegundua kwao kwamba alichaguliwa ana sababu nzuri ya kuweka pingamizi, na ile ada ya 30,000 itakuwa yako. Kwa majirani zako wa nyumba za wageni waliokuwa wakilipwa kwa dola hadi mwaka 2025 kisha akaunti yao ikapokea shilingi, suala lilikuwa lile lile kwa upande wa pili: kila shilingi 25 ambazo benki ilinunua dola chini ya kiwango ambacho wangekipata kwingine zilikuwa shilingi 25,000 katika kila dola 1,000, na hakukuwa na mstari wowote kwenye taarifa ulioziita makato.

Umeniuliza pia pembeni kama uwaongezee wageni asilimia 5 juu ya bei wanapolipa kwa kadi, kama wanavyofanya baadhi ya majirani. Mimi nisingefanya hivyo. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza nyongeza ya namna hiyo kwa kadi za kawaida za watu binafsi imekatazwa tokea Januari 2018, kwa hivyo mgeni wa huko akiongezewa kaunta huona kama amechukuliwa kwa ujanja, na baadhi ya mikataba ya benki nayo huikataza au huiwekea masharti. Bora gharama ya kadi uiingize katika bei unapopanga bei, kisha umpunguzie kidogo anayelipa taslimu.

Jambo moja la vitabu, kwa haraka. Mauzo yako ya Julai ni 8,000,000, si 7,629,000. Andika ya juu kama mapato na 371,000 kama gharama. Wengi huandika kilichoingia benki, na Mamlaka ya Mapato Zanzibar inapolinganisha na risiti za kielektroniki tofauti huonekana kama mauzo yaliyofichwa. Na ukishasajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, kumbuka kwamba makato ya kadi hupigwa juu ya jumla yote, pamoja na ile kodi unayoikusanya kwa niaba ya Serikali.

Je, uirejeshe mashine? Kwa biashara yako, hapana. Robo tatu ya mauzo yako ya kadi ni ya wageni, na wengi wao wasingerudi baada ya kutafuta mashine ya kutolea fedha. Taslimu nayo ina gharama zake za kuhesabu, za kuhofia noti bandia na za kutembea na bahasha hadi benki. Lakini kwa wateja wa hapa nchini, ambao walikulipa 2,000,000 kwa kadi, weka lipa namba kaunta na uulize makato yake, na pia uliza kuhusu msimbo wa TANQR wa Benki Kuu, unaomwezesha mteja kulipa kutoka mitandao na benki mbalimbali. Kama ungeniandikia kutoka Chake Chake au Wete, kule Pemba, ambako duka la namna hii hutegemea zaidi wenyeji, ningekwambia uanze na lipa namba na usikubali mashine yenye kodi ya kila mwezi hadi mauzo ya kadi yawe ya kuonekana.

Kilichobaki ni barua. Mwandikie meneja wa tawi, usimwendee kwa mdomo, na umtake akupe kwa maandishi orodha ya kila ada, kiwango chake, na ipi katika hizo ni ya benki na ipi inakwenda nje. Omba mambo matatu: ada ya muamala iondolewe au ishuke, kodi ya mashine isimame wakati wa masika, na ada ya pingamizi isikatwe pale unaposhinda. Taja kwamba uliahidiwa asilimia 2.5 na umelipa 4.64, na uambatanishe hesabu. Ukiweza, shirikiana na wenye maduka wengine wa mtaa wako wenye mashine za benki hiyo hiyo, kwani mauzo ya maduka kumi yana uzito mbele ya meneja ambao duka moja halina. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinazitaka taasisi kuweka wazi ada zake na kuyapokea malalamiko, na usiporidhika na jibu la benki unaweza kulipeleka lalamiko lako Benki Kuu yenyewe ukiwa na nakala ya barua hiyo.

Usiicheleweshe. Kifungu cha 14 cha mkataba wako kinasema kwamba utajiongeza wenyewe kwa mwaka mwengine ifikapo tarehe 30 Novemba, isipokuwa umetoa taarifa siku 60 kabla, na siku 60 kabla ya hapo ni tarehe 1 Oktoba. Ipeleke mwenyewe kabla ya Septemba kwisha, na usiondoke kaunta hadi nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.